Mawe ya Mirihi Ukutani Kwetu

Mtoto wa mdogo wangu ametutumia picha tena. Kundi letu la simu lilianzishwa kwa ajili ya habari za misiba na harusi, lakini kijana huyu amelifanya ghala la picha za Mirihi. Kule juu kuna kigari, anasema, kinatembea chenyewe, kinapiga picha ardhi na kuzituma huku. Juzi alileta mwamba wenye mlango. Jana ilikuwa kijiko cha jiwe kinachoelea hewani. Leo asubuhi, kabla sijanywa chai, ua la jiwe, na vijiwe vya mviringo vilivyomwagika chini kama kunde. Papo hapo shangazi akaona uso wa mzee. Binamu akaona mbwa amelala. Wifi yangu, ambaye haoni hata chumvi inapozidi kwenye mchuzi wake, akaona mwanamke ameketi na mtoto mgongoni. Mimi niliandika: "Ni mawe." Wakanijibu kwamba nina roho ngumu.

Sina roho ngumu. Nina hasira, na hicho ni kitu kingine. Kijana hajui kwamba ardhi ile niliilalia na kuiamkia kabla mama yake hajajua kusoma. Halafu akaongeza, kwa alama nyingi za mshangao, kwamba wataalamu wanayapa mawe ya kule majina, kila jiwe na jina lake. Ajabu gani! Baba yangu aliyapa mawe majina maisha yake yote, na hakuna aliyemshangilia. Na zaidi: magurudumu ya kigari yametoboka kwa mawe makali, picha yake nimeiona. Baba angesonya. Angeuliza ni nani aliyemwachia dereva zamu bila kumwambia mawe yanakaaje.

Wakati huo tulikuwa Kolwezi, jimbo la Katanga, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Babu aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana aje kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kolwezi, nami nikazaliwa Kolwezi, na kitovu changu kiko kule mpaka leo, kama hawajakichimba na kukiuza pamoja na udongo. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, jina langu Ngalula, kwa hiyo kambi nzima ilimwita baba Tata Ngalula, yaani baba wa Ngalula, nasi watoto tukamwita Tata. Aliendesha pele, ile mashine kubwa ya kuchota mawe katika mashimo ya wazi upande wa Mashamba.

Waendesha pele walikuwa na desturi yao. Mwamba uliokataa kuvunjika, au ulioning'inia vibaya, waliupa jina ili mtu wa zamu inayofuata aujue. Anayetoka na anayeingia walisimama chini ya mashine. Anayetoka alisema, "Pokea." Mwenzake alijibu, "Nipe." Kisha anayetoka aliyataja mawe moja moja, jina, mahali na tabia, na mwenzake akayarudia yote kwa mpangilio. Akikosea moja, walianza upya. Mpaka aseme "Nimepokea," aliyemaliza zamu hakuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani, hata kama anatetemeka kwa homa. Ilikuwa desturi ya busara, kwa sababu kabla yake watu walikuwa wamekufa. Lakini mtu akiishi nayo muda mrefu inamwingia kichwani, na Tata ilimwingia mpaka kwenye visigino. Hakuweza kumwachia Mama mtoto mchanga bila kumwambia amelala upande gani na atalia saa ngapi. Mama alikuwa akisema yeye hakuolewa na mwanaume, aliolewa na king'ora cha mgodi.

Picha ya ukutani kwetu aliiokota Tata kwenye marundo ya magazeti yaliyoachwa na Wazungu fulani waliofunga virago. Ilikuwa ya Mirihi, kutoka enzi za vile vyombo vya kwanza visivyo na magurudumu, vilivyotua na kubaki palepale. Aliibandika sebuleni, kando ya picha ya harusi yake na Mama, na Mama akanuna juma zima. Ardhi nyekundu, mawe yametapakaa mpaka macho yanapochoka, na mbingu ya rangi isiyoeleweka, kati ya waridi na vumbi. Tata aliipenda kwa sababu moja tu: ilikuwa kavu. Maisha yake yote aligombana na maji, kwa sababu shimo lao lilibubujika kutoka chini, na pampu zikilegea pele inazama kwenye matope. Alisimama mbele ya picha mikono kiunoni.

"Muone," alisema. "Hapa hapana maji hata tone. Mutu anaweza kutumika hapa bila pompe."

Jioni, tukishakula bukari na sombe, alituita mbele ya ukuta tucheze kupokezana. Aliyapa mawe yale majina yetu. Jiwe kubwa lenye kivuli lilikuwa la Mama. Lililoinama lilikuwa la Kalala, mdogo wangu, kwa sababu Kalala alikuwa mvivu. La bapa pembeni lilikuwa langu. Tulirudia majina mpaka tukayashika, na aliyekosea alianza upya huku wengine wakimzomea. Nakiri tulifurahi sana. Hakuna baba mwingine kambini aliyecheza na watoto wake namna ile. Wengine walikwenda kunywa.

Tatizo ni wageni. Mgeni akiuliza, "Hapa ni wapi?" Tata alijibu bila kucheka, "Kwetu." Watu wazima wote walikufa kwa kicheko, kwa sababu wote walikuwa watu wa asili ya Kasai na karibu wote hawajawahi kuikanyaga Kasai. Mimi sikucheka. Mtoto hulichukua neno la mzazi wake jinsi lilivyo. Kisha nyanya yetu alifariki, wakanipeleka makaburini, nikaona mawe yamepangwa na kila jiwe lina jina la mtu. Hapo nikajumlisha, maana hesabu nilikuwa naijua. Kwetu ni nchi nyekundu isiyo na maji wala mti, na kila mmoja wetu ameshawekewa jiwe lake huko. Sikumwuliza mtu. Nilisali tu kila siku kwamba tusiende kwetu kamwe.

Kampani ikaanza kuanguka. Mishahara ilichelewa, unga wa mgawo ukapungua, vipuri vikakosekana. Umeme wa bwawa la Nzilo ulifika vizuri, lakini pampu zenyewe zilikuwa zimechoka, na maji yakapanda shimoni. Nyumba ikiungua, kila mtu hutafuta mwenye kiberiti. Wanasiasa walisimama majukwaani wakasema mwenye kiberiti ni Mkasai: amekula kazi za wenye nchi, na arudi kwao. Wakatuita bilulu, yaani wadudu. Husemwa kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa jembe siku ya kwanza, tukalima mpaka wajukuu, ndipo tukaambiwa siku zetu za ugeni zimekwisha. Wenzangu wa rika langu mlioyapitia mnajua; sina haja ya kuwaeleza harufu ya nyumba inayochomwa na godoro ndani yake. Nilikasirika nikiwa mtoto, na umri haujanipunguzia.

Siku yenyewe vijana waliingia shimoni mchana kweupe, wakamshusha Tata kwenye pele katikati ya zamu, ndoo ya mashine ikiwa juu na imejaa mawe. Walimkimbiza mpaka langoni na kumsukuma nje. Alifika nyumbani amejaa vumbi, kiatu kimoja hana. Mama alipiga magoti akamshukuru Mungu kwamba mumewe yuko mzima. Tata aliketi, akaomba maji, akanywa, akasema:

"Sijapokezana."

Mama alidhani wamempiga kichwani. Laiti wangempiga, nadhani ingekuwa rahisi zaidi kwake. Kesho yake asubuhi mtu huyu alivaa salopeti yake ya kazi, akaazima viatu, akaenda langoni amngoje mwenzake. Walinzi walimrudisha. Siku iliyofuata akaenda tena. Mawe yalianza kuanguka juu ya bati letu. Muuza makaa wa Mutshatsha, ambaye siku zote alitua gunia mlangoni petu kwanza, alianza kupita bila salamu. Majirani upande wa kushoto walifukuzwa, na kabla ya jua kuzama milango yao ilikuwa imeshang'olewa. Mama alifunga sufuria, mablanketi, na picha ya harusi. Tata alivaa salopeti.

"Tata Ngalula, unataka bakuuwe?"

"Mashine iko na bitu juu. Mawe ingine ilisogea. Hakuna mwenye alipokea."

"Mawe! Batoto yako banakufa na woga, weye unasema mawe!"

"Nikishapokezana, tutaenda."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mama alimwomba, akamtukana, akamnyima chakula, akampikia tena. Mimi peke yangu ndani ya nyumba ile nilikuwa upande wa Tata, kwa sababu zangu. Maadamu hajapokezana, hatuendi kwenye mawe yetu. Nilimshonea hata kifungo cha salopeti.

Siku walipokuja kupima madirisha yetu ili wajue la kuchukua, Mama hakungoja tena. Alitutanguliza watoto, akabeba alichoweza, tukaenda stesheni. Tata alitusindikiza na mizigo kichwani. Njiani alimwambia Mama wazi kwamba atatupandisha treni, kisha atarudi langoni, na akishapokezana atatufuata. Mama alisimama katikati ya barabara. Sote tulikuwa tumesikia habari za wanaume waliobaki nyuma kwa kisingizio hiki na kile. Hakuna hata mmoja aliyefuata. Basi tangu pale jambo lilikuwa moja tu: treni ikija, Tata atapanda au hatapanda.

Treni haikuja. Tuliishi stesheni majuma kwa majuma, juu ya saruji, chini ya shuka zilizofungwa kwenye nguzo, maelfu ya watu na bomba moja la maji. Mvua zilinyesha, surua ikaingia, wanawake wakajifungulia nyuma ya magunia. Na Tata? Tata kila asubuhi alipita katikati ya watu wale wote na salopeti yake, akiwaomba radhi wanaolala, akaenda langoni. Alirudi na jicho limevimba, au bila kofia. Watu walimcheka, kisha wakaacha kumcheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama aliacha kusema naye. Alikuwa anamtazama tu, anasonya, anageukia sufuria.

Asubuhi treni ilipoingia kweli, mabehewa ya mizigo marefu, watu wakainuka wote kwa pamoja. Mama hakuwepo. Alikuwa ameondoka mapema bila kusema anaenda wapi. Tata alimtupa Kalala ndani ya behewa, akatupa mablanketi, akanishika mimi kiunoni. Hapo nilianza kupiga kelele.

"Mi siendi! Mi siendi kwetu! Kule hakuna maji, kuko mawe yetu tu! Kila mutu ku jiwe yake! Tutakufa!"

Tata alinishusha. "Mawe gani, mama?"

"Ya ku picha! Yenye uliipa majina!"

Kisha alicheka, yule mtu, na jicho lake limevimba, alicheka mpaka wanaotukanyaga wakageuka kumtazama.

"Mama yangu, ile haiko Kasai. Ile ni Mars. Ni nyota, iko kule juu."

"Ulisema ni kwetu!"

"Nilikuwa nachekesha bageni."

Nilimpiga ngumi ya tumbo. Miaka yote ya sala, usiku ngapi nimelala nimekunja miguu nisije nikanyooka kama maiti, kumbe alikuwa anachekesha wageni! Sijawahi kumkasirikia mtu namna ile, isipokuwa yeye huyohuyo, baadaye.

"Na majina? Juu ya nini uliipa mawe majina yetu?"

Alichuchumaa. "Sikia. Jiwe yenye haina jina, ile njo inauwa mutu. Kama iko na jina, batu wanaichunga."

Nilifuta kamasi. Niliona maana yake, na papo hapo nikaona jambo jingine, kwamba sasa sina sababu ya kukataa treni, na yeye bado anayo yake. Nikamshika salopeti. "Basi panda na weye." Akatikisa kichwa, taratibu. Nilijua atasema nini, akakisema.

Ndipo Mama akatokea katikati ya umati. Nywele zimefumuka, kitambaa hana, na nyuma yake amemvuta mkono mtu kama anavyovutwa mbuzi wa soko. Alikuwa Tata Ngoy. Huyu alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, hakuguswa na mtu, na miaka yote ndiye aliyempokea Tata zamu. Sasa pele ilikuwa yake. Tangu fujo zianze hakukanyaga kwetu, na sikumlaumu, kwa sababu aliyeonekana akizungumza nasi alipigwa. Mama alikuwa amemfuata mpaka nyumbani kwake, akakaa mlangoni, akasema hatoki mpaka atoke naye.

"Njo huyu," Mama alimwambia Tata. "Pokezaneni. Mara moja. Kisha upande, ao nikuuwe na mikono yangu."

Wale wanaume wawili walitazamana. Vijana wenye fimbo walikuwa wamesimama mwisho wa jukwaa, na mmoja alikuwa ameshaanza kutuangalia. Tata alijinyoosha, akafunga kifungo cha salopeti.

"Pokea."

"Nipe."

"Mama-mukwe iko ku mukono ya kushoto, kisha kupita barabara ya malori. Usimuguse. Ataanguka mwenyewe mu mvua. Padiri iko juu yake, mweupe, haina mambo. Mulevi anainama. Kila siku anainama zaidi, usipite chini yake hata kama chef anakulazimisha. Direkteri iko katikati ya njia, mukubwa, anakaa tu, hatumike. Muzunguke."

Aliendelea. Injini ilipiga honi. Tata Ngoy alirudia haraka haraka: Mama-mukwe, Padiri, Direkteri.

"Umeruka Mulevi," Tata alisema. "Tuanze."

"Tata Ngalula!" Mama alijishika kichwa kwa mikono miwili. Behewa lilitikisika. Kalala alikuwa analia ndani, mikono ya watu inamzuia asianguke. Na wale watu wawili, namwapia Mungu, walianza upya kutoka Mama-mukwe, neno kwa neno, mmoja akitaja na mwingine akirudia, kana kwamba hakuna treni, hakuna vijana, hakuna dunia. Mwishoni Tata Ngoy akasema, "Nimepokea." Tata alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Basi kazi njema," alimwambia, akaninyanyua, akamsukuma Mama, akadandia behewa likiwa linatembea. Kilichompata Tata Ngoy baada ya pale hatukukijua kamwe.

Mama alilia mpaka stesheni ya Tenke. Alilia kwa furaha, nadhani, na kwa uchovu, na kwa nyumba yake. Tata aliketi juu ya bunda la sufuria, ametulia, mikono magotini, kama mtu aliyetoka kazini na anangoja chakula. Tulipoipita Tenke na treni ikaelekea kaskazini, alianza kutabasamu peke yake.

"Unacheka nini?" Mama alimwuliza.

"Moja sikumuambia."

"Moja nini?"

"Jiwe. Moja sikumupa. Niko nayo."

Mama alifuta machozi akamgeukia.

"Haina hatari," Tata alisema, "iko chini, haianguke. Lakini ekipe, zamu ile, haiishe kama moja inabakia. Ngoy ataiona, hatajua ni nani. Atalazimika kuniita."

Mama alivua kandambili akampiga nayo begani, mara ya kwanza kwa nguvu, ya pili taratibu, kisha akaiacha palepale begani kwake na kuegemeza kichwa.

Kasai ilikuwa na michikichi, na mvua, na watu waliotucheka kwa Kiswahili chetu. Tulishuka Mwene-Ditu, na Mwene-Ditu ndiko niko mpaka leo. Tata aliuza sabuni, akatengeneza baiskeli, akafanya kila kazi isiyo ya kwake. Mtu akibisha hodi asubuhi, aliinuka kabla yetu. Tulimwuliza jina la jiwe kwa utani, kisha kwa ukali, kisha kwa kumbembeleza. Alikataa. Alisema akilitaja litakuwa limepokewa, na likipokewa yeye hana tena kazi kule.

Alipougua mwisho, mapafu yamejaa vumbi la miaka ile yote, Mama alipeleka kigoda karibu na kitanda. Alikuwa amezeeka na hasira zake zote. Alimshika mkono, akamwambia:

"Nipe mimi. Nitapokea."

Tata alipumua kwa taabu.

"Weye haujue pele," alisema. "Ni ya Ngoy."

Mama alisonya, akainuka, akaenda kumchemshia uji huku akilalamika kwa sauti, ili asikie hadi ndani, kwamba hajawahi kuona mtu mgumu namna hii. Aliporudi nao, hakukuwa tena na wa kuunywa.